Homa kali siku za hedhi: ni dalili zipi za mshtuko wa sumu (TSS) ambazo mlezi wa bweni hapaswi kusubiri nazo hadi asubuhi?

MatroniKongwa

Habari zenu wadau wa afya. Nasimamia bweni la wasichana wa kidato cha kwanza hadi cha nne huku Kongwa. Wengi wanatumia pedi. Wapo waliopewa vikombe vya hedhi na mradi, wachache waliotoka mjini wana tamponi, na wapo wanaojaza ndani pamba au kipande cha kanga siku ya mtihani au michezo, hasa pedi zikiisha.

Nimesoma kuhusu TSS, mshtuko wa sumu, lakini maelezo mengi yanaishia kwenye "ukiona dalili nenda hospitali". Dalili zenyewe ni homa, kutapika, kuhara, kichwa na misuli kuuma. Nitaitofautishaje na malaria, taifodi, UTI, au tumbo la hedhi tu? Bwenini nina kipimajoto, mashine ya presha, parasetamo na diklofenaki. Zahanati ipo jirani, hospitali mpaka tukodi gari. Nataka kujua kitu gani kinifanye nikodi gari saa nane usiku badala ya kungoja kukuche. Na huo upele "kama wa kuungua na jua", kwa wasichana wetu weusi unaonekanaje?

NesiMakole

Matroni, tuanze na tumbo la hedhi kwa sababu ndiko wengi wanakoteleza. Linaweza kuleta kichefuchefu, kutapika mara moja mbili, choo laini, kiuno kuuma, hata kizunguzungu. Haliwezi kupandisha joto hadi 38.9. Kwa hiyo msichana aliye kwenye hedhi, au aliyemaliza siku mbili tatu zilizopita, akigonga 38.9 au zaidi, usiandike "tumbo la hedhi" kwenye daftari lako. Homa hiyo ina chanzo kingine na lazima kitafutwe.

Pima joto kabla ya kumpa kidonge chochote. Diklofenaki na parasetamo zote zinashusha homa. Ukimpa saa mbili usiku, saa nne unapima unakuta 37.4, mnalala wote, kumbe presha inaendelea kushuka. Tena diklofenaki kwa mtu anayetapika na presha yake inashuka huumiza figo, na TSS yenyewe tayari inazishambulia. Mwenye homa mpe parasetamo, diklofenaki iache kabatini.

Baada ya joto, swali ambalo karibu hakuna anayeliuliza: kuna kitu ndani? Ukiuliza "unatumia nini?" atakujibu pedi, amemaliza. Mtoe pembeni, mbali na wenzake, umtajie moja moja: pamba, tishu, kitambaa, sponji, tamponi, kikombe. Kipo sasa hivi? Kiliingia saa ngapi? Kuna ulichoweka jana ambacho hukumbuki kukitoa? Mwambie kabisa kwamba hutaandika popote pa shuleni na hutamwambia mwalimu wa nidhamu, na kweli usimwambie. Msichana anayeogopa kuchapwa au kuchekwa atakuficha hadi azimie.

Kama kipo, kitoke hapohapo, hata kabla ya gari kufika. Anawe mikono, achuchumae, asukume kama anayeenda haja kubwa. Kikombe asivute kijiti chake tu, abane kwanza sehemu ya chini ili hewa iingie kiachie, ndipo akivute. Pamba na tishu zina tabia ya kukatika vipande, kwa hiyo apitishe kidole pande zote hadi juu. Akishindwa, zahanati watatoa kwa spekulamu (kifaa cha kufungulia uke), ni kazi ya dakika chache. Baada ya kutoa asijisafishe ndani kwa sabuni, ndimu wala maji ya mwarobaini. Andika saa kilipotolewa.

Msidanganywe na harufu. Kitu kilichosahaulika siku nyingi mara nyingi hutoa uchafu unaonuka bila TSS yoyote, na TSS inaweza kuanza na kitu kilichokaa saa chache, bila harufu hata kidogo.

Sasa ngozi. Wekundu wa kwenye picha za vitabu ni wa ngozi nyeupe. Kwa mweusi ngozi hugeuka kuwa nyeusi zaidi ya kawaida yake, wakati mwingine kama zambarau au kijivujivu, eneo pana, bila vipele vinavyoonekana kimoja kimoja na mara nyingi bila kuwasha. Ukigusa ni ya moto. Usihangaike sana na mgongo na tumbo, angalia palipo na rangi hafifu: viganja, nyayo, ndani ya mdomo wa chini, na ndani ya kope la chini ukilivuta. Macho mekundu yasiyotoa tongotongo, ulimi mwekundu wenye vinundu vilivyosimama, na midomo kuwa mekundu kuliko kawaida, hayo yote yana uzito. Tumia mwanga wa mchana au tochi ya simu ukiimulika kutoka ubavuni, siyo taa ya bwenini. Na muulize rafiki yake wa kitanda cha jirani kama ameona rangi imebadilika. Yeye anamjua kuliko wewe.

Upele unaweza kuwa hafifu, au kupita ndani ya muda mfupi. Ukikosekana haimaanishi uko salama.

TabibuBahi

Nesi amemaliza sehemu kubwa. Mimi niongeze presha na mapigo, maana ndiyo yanayoamua gari.

Namba ya presha inayotumika kwenye utambuzi wa TSS ni ile ya juu (ya kwanza kati ya mbili za mashine) kuwa 90 au chini yake. Shida ni kwamba wasichana wembamba wengi wanaishi na 95 au 100 kila siku wakiwa wazima, na kwa vijana mwili hupambana kuishikilia presha hadi dakika za mwisho, halafu inaporomoka ghafla. Kwa hiyo usingoje 90. Hesabu mapigo kwa dakika nzima akiwa ametulia. Homa yenyewe inapandisha mapigo, lakini yakiwa 120 na kuendelea, au yakibaki juu hivyo hata homa ikishashuka kwa parasetamo, hiyo ni onyo. Kama hajalegea, mpime amelala, kisha asimame dakika moja wewe ukiwa umemshika, upime tena. Mapigo yakipanda kwa 30 au zaidi, namba ya juu ya presha ikishuka kwa 20, au akisema macho yanaingia giza, damu haimtoshi kwenye mzunguko. Aliyelegea tayari usimsimamishe, jibu unalo.

Kipimo kingine hakihitaji mashine. Binya ukucha wa kidole cha mkono sekunde 5, achia. Rangi irudi ndani ya sekunde 2 hadi 3. Ikichelewa na mikono ni ya baridi wakati mwili unawaka, ni mbaya. Lakini kuna mtego: mwanzoni mwa TSS mishipa hulegea na kutanuka, kwa hiyo mikono inaweza kuwa ya moto na rangi ikarudi upesi sana huku presha iko chini. Ndiyo maana mashine ya presha usiiache.

Nikijibu swali lako moja kwa moja: yuko kwenye hedhi au ametoka siku hizo tatu, joto 38.9 au zaidi, na hapohapo ana chochote kati ya kizunguzungu anaposimama, mapigo ya 120, kutapika au kuhara kusikokatika, ngozi au macho kubadilika kama Nesi alivyoeleza, misuli kuuma hadi hataki kuguswa mapaja, kuchanganyikiwa, au kutokojoa tangu asubuhi. Hapo kodi gari. Kama amekiri kuna kitu kilikuwa ndani, hata homa ya 38.5 na kutapika vinatosha, na kukitoa hakubadilishi safari. Sumu iliyokwisha kuingia kwenye damu inaendelea na kazi baada ya pamba kutoka. Ugonjwa huu hutoka "najisikia vibaya kama mafua" hadi kuzimia ndani ya saa chache, mara nyingi chini ya siku mbili. Kungoja kukuche ni saa nne au tano, na hizo ndizo tunazozihitaji.

Kuhusu magonjwa mengine. Mkoa wetu wa Dodoma hauna malaria nyingi, lakini kipimo cha haraka (mRDT) kifanyike, wala kisiwe mwisho wa mawazo. Kinaweza kubaki chanya wiki kadhaa baada ya mtu kutibiwa malaria na kupona, kwa hiyo chanya pekee haifuti TSS kwa msichana mwenye presha ya 85. Kikiwa hasi, hatari ni ile desturi yetu ya kuruka moja kwa moja kwenye Widal (kipimo cha damu cha taifodi) na kumwanzishia dawa za taifodi. Widal inaweza kuwa chanya kwa sababu ya maambukizi ya zamani. Taifodi kwa kawaida hupanda taratibu kwa siku kadhaa, TSS hulipuka. Na UTI, hapa tusikilizane: mkojo wa mtu aliye kwenye hedhi huonyesha damu na chembe nyeupe kwenye kijiti cha kipimo kwa sababu umechanganyika na hedhi. Ukisoma kijiti hicho bila kujua yuko siku gani utaandika UTI na kumrudisha bwenini na vidonge.

Mkifika zahanati, awekewe kanula (sindano ya dripu) kubwa kiasi inavyowezekana (ya kijani, 18G, ikikubali), maji ya Ringer au ya chumvi 0.9%. Kiwango cha kuanzia kwa mshtuko wa aina hii ni 30 ml kwa kila kilo ndani ya saa 3 za kwanza. Msichana wa kilo 45 ni 1,350 ml, yaani karibu chupa tatu za nusu lita, ukimpima presha na kusikiliza mapafu kila chupa ikiisha. TSS hunywa maji mengi kwa sababu mishipa inavuja. Wengine wanahitaji lita 10 na zaidi kwa siku ya kwanza, na hilo ni la hospitali yenye dawa za kupandisha presha na uangalizi wa karibu. Kwa hiyo dripu ziendelee njiani, msikae zahanati mkisubiri chupa ziishe ndipo muondoke.

Dozi ya kwanza ya antibayotiki itolewe kabla ya safari kama hana mzio. Seftriaksoni gramu 2 kwenye mshipa ndiyo inayopatikana sehemu nyingi. Klindamaisini ikiwapo iongezwe, kwa sababu inazuia bakteria kutengeneza sumu. Dawa za jamii ya penisilini na seftriaksoni zinaua bakteria lakini haziifungi sumu kwa namna hiyo. Hospitali watabadilisha na kuweka kloksasilini au nyingine inayofaa. Kama kuna kijiti cha kuchukulia sampuli ya ukeni, chukua kabla ya dawa. Kama hakuna, usichelewe kwa ajili hiyo. Na mkisikia baadaye kuwa damu iliyooteshwa haikuota kitu, msishangae: katika TSS ya hedhi bakteria hubaki ukeni, kinachosambaa ni sumu.

Kwenye barua ya rufaa andika mstari huu juu kabisa: "Siku ya 3 ya hedhi. Alikuwa na pamba ndani, imetolewa saa 7:40 usiku. Nashuku TSS." Mapokezi ya hospitali kubwa usiku wanaona homa na kutapika kwa kila mgonjwa wa tatu. Bila mstari huo anaingia foleni ya kawaida.

Chimwaga2

Samahani kuingilia. Mimi nilivyoelewa ugonjwa huu unatokana na kemikali za kwenye pedi za bei rahisi zinazouzwa minadani. Si bora wasichana warudi kwenye vitambaa tu?

DukaLaDawaAreaC

Hapana ndugu, na hilo linawatisha watu kwenye kitu ambacho ndicho salama zaidi kwa upande wa TSS. Pedi inakaa nje. TSS ya hedhi imehusishwa na vitu vinavyokaa ndani ya uke: tamponi hasa, na kwa idadi ndogo vikombe, sponji na kiwambo cha uzazi wa mpango. Pedi mbovu inaweza kukuletea michubuko na fangasi, huo ni ugomvi mwingine.

Kinachosababisha ni bakteria aina ya Staphylococcus aureus. Takriban theluthi moja ya watu wanaye puani bila kuumwa. Baadhi ya aina zake zinaweza kutengeneza sumu inayoitwa TSST-1, na hata hizo haziitengenezi wakati wote. Kwa kawaida uke hauna oksijeni nyingi na una asidi. Siku za hedhi damu inapunguza asidi, na kitu unachoingiza kinabeba hewa ndani yake. Hapo bakteria anapata mazingira ya kutoa sumu. Sumu ikivuka kuingia kwenye damu inaziamsha chembe za kinga kwa mkupuo. Badala ya chembe moja kati ya maelfu kushtuka, inaweza kushtua hata moja kati ya tano. Homa, mishipa kuvuja, presha kushuka, yote ni kinga ya mwili ikijichoma yenyewe. Ndiyo maana pamba safi kabisa iliyotoka dukani leo haikuhakikishii chochote.

Na kwa nini mabinti? Kwa sababu watu wazima wengi wameshakutana na sumu hiyo kidogo kidogo maishani na wana kinga dhidi yake. Kati ya wa miaka 13 hadi 19, ambao bado hawajaipata ni wengi kuliko kwa watu wazima. Bweni la Matroni ni kundi lenyewe.

Habari ya kemikali ilianzia Marekani. Mwaka 1980 waliripotiwa wagonjwa zaidi ya 800 wa TSS ya hedhi, na tamponi moja yenye uwezo mkubwa mno wa kunyonya, Rely, ikaondolewa sokoni Septemba mwaka huo. Ilikuwa na vipande vya poliesta na selulosi iliyobadilishwa. Lakini kilichoonekana baadaye ni kwamba uwezo wa kunyonya ndio uliopandisha hatari, hata kwa tamponi za aina nyingine. Ndiyo maana leo pakiti zina alama za matone zinazoonyesha uwezo wa kunyonya: ya kawaida hunyonya gramu 6 hadi 9, ya "super" 9 hadi 12, na kuendelea. Mteja akija dukani anataka kubwa ili "ikae siku nzima", huyo ndiye wa kuzungumza naye. Achukue ndogo inayotosha, abadilishe kila saa 4 hadi 8, na akilala zaidi ya saa 8 avae pedi. Ikitoka kavu na kukwaruza, ilikuwa kubwa kuliko damu yake.

Ugonjwa wenyewe ni nadra, kama mtu mmoja kati ya laki moja ya wanaopata hedhi kwa mwaka kwenye nchi zinazohesabu, au chini ya hapo. Nasema hivyo ili Matroni asije akaitisha mkutano wa kutisha watoto. Kitambaa cha nje kilichofuliwa na kuanikwa juani, siyo uvunguni mwa kitanda, hakina shida na TSS. Kitambaa hichohicho kikiingizwa ndani ndipo kinapobadilika.

MatroniKongwa

Asanteni sana, nimenakili yote. Mawili yamebaki. Vikombe vya hedhi: maji hapa ni ya ndoo, wasichana wanagawana, kuchemsha kila siku haiwezekani. Niwakataze? Na akishapona, arudie kutumia alichokuwa anatumia?

NesiMakole

Usiwakataze kwa jumla, ila weka masharti. Kikombe hakihitaji kuchemshwa kila siku. Kichemshwe kabla ya hedhi kuanza na baada ya kuisha, dakika 5 kwenye maji yanayotokota, kikielea bila kugusa chini ya sufuria maana kitaungua. Lita moja inatosha vikombe kadhaa, lakini kila kimoja kiwe na alama ya mwenyewe na kisigawanwe kamwe. Katikati ya hedhi ni kumwaga, kuosha kwa maji safi ya kunywa, kurudisha. Nusu kikombe cha chai cha maji kinatosha. Asipokuwa na maji kabisa akifute kwa karatasi safi, akioshe mara inayofuata. Asichoweza kuruka ni mikono: kibuyu chirizi na sabuni viwe mlangoni mwa choo, kwa sababu bakteria huyo anakaa puani na kwenye ngozi, na kidole ndicho kinachompeleka ndani.

Watengenezaji wengi wanaandika kwamba kikombe kinaweza kukaa ndani hadi saa 12. Kwa bwenini mimi ningesema wamwage asubuhi, mchana wakitoka darasani na kabla ya kulala. Kikombe hakijafuta hatari, wapo wagonjwa wachache wa TSS walioripotiwa wakikitumia. Asiyeweza kupata maji na sabuni mara hizo avae pedi tu.

Pamba, tishu na kanga ndani, hizo kataza. Lakini ukikataza bila kuweka pakiti za dharura kabatini kwako utakuwa umewafundisha kuficha.

TabibuBahi

La pili: asirudie. Wengi waliougua TSS ya hedhi hawatengenezi kinga hata baada ya kupona, na inaweza kurudi, mara nyingi katika miezi michache inayofuata, kwenye hedhi. Kuanzia hapo ni pedi za nje tu. Tamponi, kikombe, sponji, kiwambo, vyote aachane navyo, na liandikwe kwenye kadi yake ya hospitali na kwenye fomu ya afya ya shule.

Kuna dalili moja inayokuja kwa kuchelewa ambayo utaiona wewe kuliko sisi. Wiki moja hadi mbili baada ya homa, ngozi ya viganja na nyayo huchubuka, inatoka mapande makubwa hasa kwenye ncha za vidole. Binti aliyerudishwa bwenini na "malaria kali" kipindi cha hedhi, halafu viganja vinamenyuka hivyo, mrudishe kliniki hata kama anajisikia mzima. Huenda ilikuwa TSS iliyopita bila kutambuliwa, na hedhi yake ijayo iko wiki mbili tu mbele. Siku hiyo awe tayari ameshaambiwa, na pedi awe nazo mkononi.